Sungura Aliyeandikwa Jina la Mzee Ratemo

Abner Nyangau alifanya kazi na rangi tano kwa miaka ishirini na mmoja. Kila asubuhi alimimina maji ya buluu kwenye neli ya kioo, akadondosha matone manane ya mkojo wa mtu, akaiweka neli ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, akangoja dakika tano kwa saa yake ya mfukoni. Maji yakibaki buluu, mkojo hauna sukari. Yakigeuka kijani, ipo kidogo. Manjano, ipo ya kutosha kuandikwa. Rangi ya chungwa, daktari aitwe. Na yakiwa mekundu kama tofali, daktari aitwe na jamaa nao waitwe.

Watu wa sokoni walimwita Bwana Mikojo. Akipita Daraja Mbili siku ya soko, akina mama wauza ndizi walimpigia kelele:

"Bwana Mikojo! Hizi zetu zina rangi gani leo?"

Naye husimama, akauinamia mkungu kwa makini, akajibu, "Kijani, mama. Nenda nyumbani, hujambo."

Alizaliwa upande wa Marani, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akawa dresa wa kufunga vidonda. Mwaka 1943 alipelekwa Kisumu miezi mitatu kufundishwa kazi ya neli na darubini. Alirudi na cheti, koti jeupe lililomfupia mikono, na tabia ya kunawa kabla ya kumpa mtu mkono. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, vitanda kumi na vinane, kando ya barabara ya Kiogoro. Ilifungwa zamani na pale pamebaki migomba. Mimi nilikuwa karani wa kadi, na chumba changu kilipakana na chake. Nilizoea kumsikia akingoja dakika zake tano, maana alikuwa akiimba nyimbo za kanisa beti mbili kamili, wala hakuwahi kuchelewa.

Alimwoa Nyangate, binti wa Mzee Zachariah Ratemo wa Kiogoro. Mzee Ratemo alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu mnene mwenye sauti nene. Akikaa kwenye benchi la mbele, watu wawili walihamia la nyuma bila kuambiwa. Unene wake ulikuwa fahari ya ukoo. Abner alijenga ng'ambo ya kijito, mwendo wa dakika kumi kutoka kwa wakwe zake.

Lakini kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni aibu na heshima kwa pamoja, na kati ya mtu na baba mkwe wake hukaa kama ukuta. Mwili hautajwi. Mkwe hamwoni baba mkwe akivua shati, hakai kitandani pake, hamsikii akilalamika tumbo. Abner na Mzee Ratemo waliongea kuhusu mvua, ng'ombe na kitabu cha Danieli. Kwa miaka saba hawakukosea hata mara moja.

Mwezi wa pili wa 1952 mpita njia alileta chupa ya mkojo, akasema ni ya "Mgeni," akaenda zake. Abner aliipima. Tofali. Wiki iliyofuata ikaja chupa ileile, tofali tena. Wiki ya tatu Abner aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akaiweka chupa juu ya meza yangu. Ilikuwa ya pembe nne, imemeguka shingoni.

"Karani, huyu Mgeni anakaa wapi?"

"Haikuandikwa."

"Ni mtu wa Kiogoro."

"Umejuaje?"

Aliangalia dari. "Chupa hii ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Niliibeba mwenyewe Desemba, nikampelekea mama mkwe wangu. Iligonga jiwe pale kijitoni, ikameguka hapa."

"Kumbe Mgeni ni..."

"Usimtaje!" Alinyoosha kiganja kama askari wa barabarani. "Mimi sijui ni nani. Nikijua, nitamtazamaje usoni? Lakini huyo nisiyemjua amekonda, karani. Sabato iliyopita suruali yake ilifungwa kwa kamba ya katani. Alikunywa maji vikombe sita kabla ya mahubiri kwisha. Mwambie Daktari, wewe huna ensoni naye."

Nilimwambia Daktari Jaffer. Yeye alikuwa mtoto wa mjini, wa ukoo wa wenye maduka, mtu wa haraka aliyependa kusoma vitabu vya maabara wakati wa kula. Siku hiyohiyo aliendesha gari hadi Kiogoro, akarudi na Mzee Ratemo kwenye kiti cha mbele. Tulimpima. Mtu ambaye kanisani tulimkadiria ratili mia mbili alikuwa na ratili mia moja na kumi na nane, na hapo alikuwa amevaa viatu.

Daktari alimweleza, na mimi nilikuwapo kuandika.

"Mzee, mwili wako umeishiwa kitu kinachoitwa insulini. Kinatengenezwa na kongosho, hapa nyuma ya tumbo. Bila hicho, chakula unachokula kinatoka kama sukari kwenye mkojo. Kwa hiyo tutakupa insulini ya mnyama."

"Mnyama gani?"

"Ng'ombe."

"Si nguruwe?"

"Mzee Ratemo, unamuuliza nani? Mimi naitwa Jaffer."

Mzee alicheka, mara ya kwanza tangu afike. "Basi kama ni ng'ombe hakuna shida. Mke wangu ataipika, niile na ugali wa wimbi."

"Ukiila, tumbo litaimeng'enya kama nyama nyingine, na hutapata kitu. Ni sindano tu. Asubuhi na jioni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayotuaga."

Mzee alifikiri. "Na huko Kiogoro nani atanidunga?"

Muuguzi wetu alikuwa mmoja tu, Orpah, naye aliishi hospitali. Kule Kiogoro mtu aliyejua kushika sindano alikuwa mmoja, na wakati huo tulimsikia nyuma ya ukuta akiimba ubeti wa pili.

Mzee aliutazama ule ukuta. "Hapana," alisema. "Nivue shati mbele ya mtu aliyemwoa binti yangu? Anishike paja? Halafu Sabato tusimame pamoja tuimbe? Afadhali nife nimevaa suruali yangu."

"Bila dawa hii humalizi mwezi wa nne."

"Basi nitaishia hapo."

Alikubali kulala wodini na kula tulichompa, kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kukataa kitanda alichotandikiwa. Sindano hakukubali. Orpah angeweza kumdunga palepale wodini, lakini Daktari alisema dawa ya kuanza na kuacha haimfai. Hata hivyo aliiagiza Kisumu kwa jina la Zachariah Ratemo. Alisema mzee atabadili mawazo. Siku hizo Abner aliimba beti tatu badala ya mbili, na neli zake zilichemka kupita kiasi.

Dawa ilipanda basi ikiwa ndani ya chupa ya kuhifadhi baridi, imezungukwa na barafu. Karibu na Sondu basi likazama kwenye matope siku mbili. Dereva alikuwa mtu mwangalifu. Aliona dawa ya hospitali isinyeshewe na mvua, akaiweka juu ya injini. Ilipotufikia barafu ilikuwa maji, na yale maji ungeweza kutilia majani ya chai.

Daktari Jaffer aliishika ile chupa ndogo, akaitazama kwenye mwanga. "Joto linaua dawa hii," alisema. "Ikifa inabaki inafanana na maji, huwezi kujua kwa macho. Nikiagiza nyingine ni wiki tatu, na huyu mzee hana wiki tatu. Abner, wewe ungefanyaje?"

"Ningeipima, Daktari."

"Kwa kitu gani?"

"Sijui. Haina rangi."

"Sungura," alisema Daktari, akakimbilia vitabu vyake.

Kumbe huko ng'ambo kwenye maabara kubwa dawa hiyo hupimwa kwa sungura. Sungura hufungishwa siku nzima bila chakula, halafu hudungwa. Dawa ikiwa hai, sukari ya damu yake hushuka mpaka aanguke na kutetemeka. Hapo hupewa sukari upesi, naye huamka. Dawa ikiwa imefanyika maji, sungura hukaa tu. Shangazi yake Daktari alikuwa akifuga sungura nyuma ya duka mjini, akatoa wawili. Wa kijivu angedungwa dawa, mweupe angedungwa maji yaliyochemshwa, ili tuone tofauti. Abner alimpima wa kijivu kwenye mizani ya watoto wachanga: ratili nne na nusu.

Hapo ndipo mimi nilipoingia katika habari hii, na sina budi kuandika kosa langu.

"Karani, nipe uniti tatu," Abner alisema.

"Dawa haitoki stoo bila kadi."

"Ni ya sungura."

"Imeagizwa kwa jina la Zachariah Ratemo. Kila uniti inayotoka iandikwe kwenye kadi yake, pamoja na kilichotokea baada ya kudungwa. Sheria hiyo hukuitunga wewe, wala mimi."

Aligusa ile kadi kwa ncha ya kidole kama sufuria ya moto. "Na mimi ndiye nitakayeandika? Juu ya jina hilo?"

"Unaandika habari za sungura."

"Ee," alisema. "Za sungura."

Jumatatu asubuhi sungura walikuwa wamefunga tangu Jumapili. Abner alimdunga wa kijivu saa nne. Tulingoja. Saa tano sungura alijilamba. Saa sita alijikuna sikio. Saa nane alilala usingizi mzuri, na mweupe naye akalala ubavuni mwake. Daktari alivua miwani.

"Imekufa," alisema, akatoka.

Abner alibaki. Alikuwa mtu wa kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kichoke. Alipiga magoti mbele ya kizimba, akapitisha mkono, akatoa uti wa jani la kabichi. Kisha akatoa ukambaa wa mgomba uliofungwa fundo la mara tatu. Fundo hilo alilifahamu. Mama mkwe wake, Bitutu, alifunga hivyo kila kifurushi cha chakula alicholeta langoni kwa ajili ya mumewe.

Kadi aliiacha mpaka jaribio lifanikiwe, akaandika kwenye daftari lake: *Mfungo ulivunjwa alfajiri. Aliyeuvunja hajulikani.* Kisha akamfuata Orpah, akamwomba akaongee na mtu asiyejulikana katika kitanda cha tano.

Orpah alikuwa mwanamke wa kusema wazi. "Baba, wewe umewalisha sungura?"

"Walinitazama," alisema Mzee Ratemo bila aibu. "Naamka alfajiri kwenda haja, napita dirishani, wananitazama. Mifugo ya mkwe wangu ishinde njaa na mimi nimeletewa kabichi? Watu wa Kiogoro watanisema vipi?"

"Wamefunga, baba."

"Wamefunga? Ni Waislamu?"

"Ni wa Daktari."

"Na wamefunga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

Orpah alituambia kwamba hapo mzee alivuta blanketi mpaka kidevuni, na kifurushi cha siku ile hakukifungua.

Alhamisi tulijaribu tena. Saa nne sindano. Saa sita kasoro sungura wa kijivu alianza kutikisa kichwa. Saa sita na robo alianguka ubavu, shingo ikapinda nyuma, miguu ikapiga hewa. Mweupe alimtazama akiendelea kujikuna.

"Iko hai!" Daktari Jaffer alipiga kelele. Alimkumbatia Abner, akamkumbatia Orpah, akanishika mimi mabega. "Iko hai, jamani! Iko hai!"

"Daktari," Abner alisema, "sungura anakufa."

Alijinasua, akamdunga maji ya sukari. Haikupita muda sungura alikaa, akatutazama kama mtu aliyeamshwa kanisani, akala kabichi jani zima. Abner akanawa mikono, akaiandika kadi kwa mwandiko wake wa wima. Hakuacha kitu.

Sasa lazima nieleze desturi ya lango. Jamaa waliruhusiwa kuingia Jumapili tu. Siku nyingine, saa kumi alasiri, bawabu wetu Mogire alisimama langoni akawasomea hali za wagonjwa kutoka karatasi niliyonakili kwenye kadi. Mogire alikuwa askari wakati wa vita na sauti yake ilifika mtoni. Mimi nilikuwa nikinakili kadi kama zilivyo. Nilijivunia hilo. Siku ile nilinakili kadi kumi na nne, na ya tisa sikuifikiria zaidi ya ya nane.

Dirisha langu lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia.

"Zachariah Ratemo!" Mogire alitangaza. "Uzito, ratili nne na nusu."

Watu walisogea karibu na lango.

"Ngapi?" aliuliza Bitutu.

"Nne na nusu, mama. Saa nne alidungwa. Saa sita na robo alianguka. Miguu ya nyuma ilitetemeka kuliko ya mbele."

"Miguu ya nini?"

"Ya nyuma, mama. Imeandikwa. Alipewa sukari. Alisimama, akala majani, akajisaidia vidonge kumi na viwili. Amerudishwa kizimbani."

"Yaye! Soma tena!"

"Mama, nikisoma tena itakuwa hivyohivyo."

"Mume wangu aliingia hapa na ratili mia moja na kitu! Mmempeleka wapi?"

"Mimi nasoma tu, sitibu. Ratemo nimemaliza. Anayefuata, Peris Moraa, kidole kinaendelea vizuri!"

Nilipotoka mbio, Bitutu alikuwa ameshafika kwenye kona, mikono kichwani, na kilio chake kiliteremka bondeni kuelekea Kiogoro. Nilimtuma mtu akamwahi. Alirudi akasema hakuna aliyemsikiliza, kila mtu alikuwa akilia.

Asubuhi kulikuwa na watu karibu hamsini langoni. Kwaya ya kanisa ilikuja. Mzee Nyamongo, mwenzake Ratemo katika kanisa, alikuja na Biblia. Seremala alikuja na futi yake, akaniita pembeni.

"Karani, nisaidie. Jeneza la ratili nne na nusu nilikate kiasi gani?"

Kabla sijamjibu kwaya ilianza wimbo wa mazishi. Sauti za wanawake zilipanda, sauti za wanaume zikafuata, halafu ikasikika sauti nene iliyotoka mahali pasipofaa. Ilitoka dirisha la wodi. Mzee Ratemo alikuwa amesimama pale na blanketi mabegani, macho yamefumbwa, akiimba besi.

Kwaya ilikatika vipandevipande. Yeye aliendelea peke yake mpaka mwisho wa mstari, akafumbua macho.

"Mbona mmenyamaza? Nani amefariki?"

"Wewe!" Bitutu alisema.

Alitoka nje, polepole, akishikilia suruali. Bitutu alimzunguka mara mbili akimtazama miguu. Mzee akataka kujua habari hiyo imetoka wapi, watu wakamwonyesha Mogire, Mogire akanionyesha mimi, na mimi nikaleta kadi. Nilimsomea kwa sauti ndogo, lakini alinitaka niongeze. Nilipofika kwenye vidonge kumi na viwili, seremala alicheka, akajifanya anakohoa.

"Sungura," Mzee Ratemo alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mnyama asiyeruhusiwa hata kukanyaga sahani yangu. Imesemwa kwenye Maandiko. Na ninyi mmemvika jina langu? Hata mbuzi hamkumwona? Hata jogoo?"

"Kitabu kilisema sungura, mzee."

"Na aliyemdunga ni nani?"

Wote waligeukia dirisha la chumba cha neli. Abner alikuwa ndani, tulijua, maana nguo ya dirishani ilitikisika.

Bitutu alikuwa amejifuta machozi, na sasa alikuwa na hasira ya mtu aliyelia bure. "Zachariah, acha nikuambie. Mimi nimelia kutoka hapa mpaka nyumbani. Kuku wawili wamechinjwa. Unasema huwezi kumruhusu mkwe wako akudunge kwa sababu ya ensoni. Kadi imesomwa mbele ya watu wa Kiogoro wote! Amekudunga. Amekuona ukianguka. Ameihesabu haja yako! Ensoni gani imebaki? Ile ya kutaja mvua?"

Watu walicheka, halafu wakaacha, kwa sababu Mzee Ratemo hakucheka. Alikuwa akiitazama kadi mkononi mwangu. Jua lilimwonyesha alivyokonda. Shingo yake ilicheza ndani ya kola, na midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Aliomba maji, akanywa vikombe vitatu tukingoja. Mzee Nyamongo aliinamisha kichwa kana kwamba mazishi yamebaki palepale, yamesogezwa mbele siku chache tu.

"Ile dawa," Ratemo aliniuliza, "sungura alipoipata, aliinuka?"

"Alianguka kwanza. Halafu aliinuka akala."

"Na alifunga siku mbili kwa ajili yangu."

"Siku moja na moja, mzee. Ile ya kwanza ulimlisha."

Alirudisha kikombe. Kisha akapandisha sauti, ile ya kanisani, akiwa ananitazama mimi lakini akiielekeza dirishani.

"Karani! Hiyo kadi usifute kitu. Imeandikwa sungura, ibaki sungura. Mwambie mwenye kazi yake kwamba pale nyumbani kwangu Kiogoro kuna sungura mgonjwa. Ana ratili mia moja na kitu, lakini ni sungura. Aje amdunge asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe nitakuwa nimetoka."

Nguo ya dirishani ilitikisika tena. "Ee," ilisema sauti ya Abner, nyembamba sana. "Karani, mwambie nimesikia habari za sungura."

Siku kumi za mwanzo Orpah alimdunga wodini mpaka Daktari akapata kipimo kinachomfaa. Kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Bitutu alitundika mkeka katikati ya chumba cha mbele, akakata tundu kwa kisu cha mboga. Chupa ya pembe nne iliwekwa nje ya mlango kila asubuhi, na Abner aliipima na kuandika: *Sungura wa Kiogoro.* Mwezi wa nne ulikuwa chungwa. Mwezi wa tano manjano. Siku ya kwanza ilipotoka kijani Abner aliniita nikaione, akaishika neli kwenye mwanga mpaka ikapoa, wala hakuimba.

Sungura wa kijivu mwenyewe alipelekwa Kiogoro. Hakuna aliyethubutu kumchinja, na hakuna aliyethubutu kumfungisha. Alikufa kwa unene mwaka 1955, akazikwa nyuma ya jiko. Nasikia mzee alikaa siku nzima hakumtembelea mtu.

Mwaka 1957 alikuja mkaguzi kutoka Kisumu, kijana mwenye kalamu mbili. Alikaa na vitabu vyangu asubuhi nzima, halafu akaniita.

"Bwana karani, hospitali hii imempa sungura mmoja insulini kwa miaka mitano."

"Ndiyo, bwana."

"Na hapa mnasema uzito wake ni ratili mia moja sabini na tatu."

"Amenenepa, bwana."

Alitaka kumwona. Siku iliyofuata saa moja asubuhi nilimpeleka Kiogoro, nikamwomba akae kimya kwenye benchi. Abner alifika na sufuria yake, akachemsha sindano kwenye jiko la Bitutu, akanawa, akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Mguu wa mbele," alisema.

Mkono mnene ulipita kwenye tundu, mkono wa shati umekunjwa hadi begani. Abner aliusafisha, akadunga, akabonyeza pamba. Mkono ukarudi ndani. Abner alifunga vyombo vyake kwenye kitambaa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Mkaguzi alifungua mdomo, nikamkanyaga kiatu.

Punde Mzee Zachariah Ratemo aliingia kwa mlango wa mbele, vifungo vyote vimefungwa, kofia mkononi, akijaza mlango mzima.

"Abner! Umefika lini? Hata sikukusikia."

"Sasa hivi tu, Tata," alijibu Abner, maana ndivyo tunavyomwita baba.

"Mvua ya jana ilifika kwenu?"

"Ilifika, Tata. Lakini ya upepo."

"Hata huku ya upepo." Aliketi, benchi likalia. Mkaguzi alisogea bila kuambiwa. "Na yule sungura umemwonaje?"

"Hajambo, Tata. Jana alikuwa buluu."

"Mungu asifiwe," alisema mzee, akamwita Bitutu alete uji.